Vipele vya Ndevu: Historia Ndefu ya Kinyweleo Kidogo

SEHEMU YA 1: Kijana wa ulinzi

 

Tangu niandike kuhusu majipu ya watoto, inboksi yangu imejaa picha za videvu na visogo. "Sista, nikinyoa tu vinatoka, nitumie dawa gani?" Swali la dawa nitalijibu, lakini mwishoni. Leo naomba mnivumilie kwanza tupite kwenye historia, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kuijua na kuna mtu aliumia kwa kuchelewa kwangu.

Miaka kumi na kitu iliyopita nilikuwa mgeni kazini, kwenye zahanati moja. Akaja kijana mlinzi, ana vipele vya usaha kuanzia shavuni mpaka shingoni. Kazini kwake sheria ilikuwa kunyoa kila siku, bila mjadala. Nikamwangalia, nikamwambia, "Mdogo wangu, badilisha wembe, oga vizuri, meza vidonge hivi siku saba." Akarudi mwezi uliofuata, nikampa vingine. Akarudi tena. Mara ya tatu nilimuuliza kwa sauti ambayo hata leo naisikia: "Kwani unaoga kweli wewe?" Watu kwenye benchi wakacheka. Akainamisha kichwa, akasema, "Naoga sista. Mara mbili kwa siku."

Alikuwa anasema kweli. Nitamrudia mwishoni.

Kwanza tuelewane maneno. Kila unywele umekaa kwenye kimfuko chake kidogo ndani ya ngozi. Hicho ndicho kinyweleo. Kikivimba, kikawa chekundu au cheusi, kikauma au kikawasha, wakati mwingine na kichwa cha usaha chenye unywele katikati, madaktari wanaita folikulitisi. Ni jina la hali tu, halikwambii nani kaileta. Anaweza kuwa bakteria. Anaweza kuwa fangasi. Yanaweza kuwa mafuta mazito, jasho na nguo ya kubana. Na anaweza kuwa unywele wenyewe. Historia yote ya tatizo hili ni historia ya watu kumkamata mtuhumiwa mmoja, kisha kudhani kesi imekwisha.

SEHEMU YA 2: Tunda la tini na kiti cha kinyozi

Tuanzie Roma, karne ya 1. Kulikuwa na mwandishi anaitwa Celsus, aliyeandika kitabu kikubwa cha tiba kwa Kilatini. Humo anaeleza vidonda vinavyotoka kwenye ndevu na kichwani, akisema Wagiriki wanaviita kwa jina linalotokana na tunda la tini, kwa sababu vinafanana nalo. Ukipasua tini lililoiva utaona vinundu vimesongamana, vimelowa. Sasa mwangalie mtu mwenye ndevu zilizooza usaha. Jina linakaa! Celsus akagawa aina mbili: kavu na ngumu, anayosema hupenda ndevuni, na ile inayotoa maji, inayopenda kichwani.

Jina hilo la tini, saikosisi, lilidumu karne na karne. Mpaka vitabu vya karne ya 20 bado unalikuta. Lakini jina si sababu. Kwa muda mrefu watu walijua tu kwamba ugonjwa unafuata wembe. Ulaya waliuita muwasho wa kinyozi, na hawakukosea sana: wembe ule ule, brashi ile ile, taulo lile lile, kidevu baada ya kidevu.

Mwaka 1842 daktari Mhungari aliyefanya kazi Paris, David Gruby, akachukua nywele za ndevu za wagonjwa, akaziweka chini ya hadubini. Akaona fangasi umezizunguka nywele. Hebu fikiria, mwaka 1842! Watu wengi walikuwa bado wanaamini magonjwa yanaletwa na hewa mbaya. Kumbe kiumbe kinachoonekana kwa macho ya hadubini kinaweza kukaa kwenye unywele na kukuletea vidonda.

Hapa kuna somo la kwanza la kliniki. Fangasi wa ndevu na fangasi wa kichwa, ile mba ya watoto inayotoa mapunye, wameingia ndani kwenye shina la unywele. Krimu ya juu peke yake haiwafikii vizuri. Wanahitaji dawa ya kumeza, kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya mtaalamu. Mama anayepaka mafuta ya dukani miezi minne kichwani kwa mtoto hana kosa la uvivu. Hajaambiwa tu.

SEHEMU YA 3: Daktari aliyejipaka bakteria

Waliouliza jana "na usaha unatoka wapi?", leo ni yenu.

Mwaka 1880 huko Ufaransa, Louis Pasteur alichunguza usaha wa majipu, akaona vidoa vya mviringo vimekaa kwa makundi. Miaka hiyo hiyo huko Aberdeen, Scotland, daktari wa upasuaji Alexander Ogston alikuwa akichunguza usaha wa majipu ya wagonjwa wake. Alichoka kuona watu wanapasuliwa vizuri halafu wanaoza. Naye akaona vile vidoa. Vilimkumbusha kichala cha zabibu, akavipa jina kwa Kigiriki: stafilokokasi. Mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach akaviotesha, akatenganisha vinavyotoa rangi ya dhahabu na vinavyotoa rangi nyeupe. Yule wa dhahabu ndiye tunayemwita mpaka leo Stafilokokasi aureus. Ndiye bakteria anayeongoza kwenye vipele vya usaha na majipu.

Unaona mfululizo? Tini, halafu zabibu. Hawa watu walipenda matunda jamani.

Lakini kulikuwa na swali. Bakteria kuonekana kwenye usaha hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeuleta. Labda alikuja baadaye kula mabaki. Mwaka 1885 daktari wa Basel, Uswisi, Carl Garré, akafanya jambo ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelipitisha. Aliwaotesha bakteria hao mpaka akapata zao safi, akalipaka kwenye mkono wake mwenyewe, kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, akasugua. Baada ya siku chache mkono ukavimba, ukatoka majipu mengi, ukauma vibaya. Alipona baada ya wiki, na makovu yakabaki.

Miaka miwili baadaye, 1887, Mjerumani Bockhart naye akajipaka. Yeye alipata zaidi vile vipele vidogo vya juu juu, usaha kichwani, unywele katikati. Mpaka leo aina hiyo bado inaitwa kwa jina lake kwenye vitabu vya ngozi.

Majaribio haya mawili yalionesha jambo ambalo nawaomba mlishike: bakteria hakuhitaji kidonda. Kinyweleo chenyewe ni mlango. Kusugua tu kulitosha kumwingiza. Wembe unaokwangua, kola inayosugua kisogo, suruali ya kubana mapajani, kukandamiza jipu kwa vidole, vyote hivyo vinafanya kazi ile aliyoifanya Garré kwa makusudi.

Na bado kuna hili: watu wengi wazima kabisa wanatembea na bakteria huyu puani bila kuumwa. Kuwa naye si uchafu. Ndiyo maana majipu yanaweza kuzunguka nyumba nzima, wiki hii baba, wiki ijayo mtoto, na nyumba ni safi inang'aa.

SEHEMU YA 4: Sindano, mionzi na askari polisi

Kumjua adui na kuwa na silaha ni mambo mawili tofauti. Baada ya Ogston ilipita zaidi ya miaka 50 kabla ya dawa ya kweli.

Kwanza kulikuwa na vitambaa vya moto, kung'oa nywele moja moja, na malhamu za zebaki. Ndiyo, zebaki, ile ile ambayo leo tunawakataza dada zetu kwenye krimu za kujichubua. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaja eksirei: mtu mwenye saikosisi anapigwa mionzi kidevuni mpaka ndevu zidondoke. Vipele vilipungua, lakini mionzi nayo iliacha madhara yake kwenye ngozi.

London, hospitali ya St Mary's, Almroth Wright alikuwa anatengeneza chanjo za kutibu: anawaua bakteria wa majipu, kisha anamdunga mgonjwa ili mwili ujifunze kupigana nao. Chini yake alikuwepo kijana wa Scotland, Alexander Fleming, ambaye mwaka 1909 aliandika kuhusu kutibu chunusi kwa chanjo za namna hiyo. Chanjo hizo za majipu hazikudumu. Lakini Fleming alibaki akihangaika na stafilokokasi, na Septemba 1928 akakuta ukungu umeota kwenye sahani yake, na pembeni ya ukungu bakteria wametoweka. Bakteria wenyewe walikuwa hao hao wa zabibu. Kwa hiyo penisilini, dawa iliyobadilisha dunia, iligunduliwa mezani kwa mtu aliyekuwa anachunguza kijidudu cha majipu na vipele.

Februari 1941 huko Oxford, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa anakufa kwa maambukizi ya stafilokokasi na streptokokasi yaliyojaa usoni na kichwani. Jicho moja lilishatolewa. Akapewa penisilini. Siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa kidogo mno kiasi kwamba waliikusanya kwenye mkojo wake ili wamrudishie. Ikaisha. Akafariki Machi 15, 1941.

Nikiwa na mgonjwa anayeacha dawa siku ya tatu kwa sababu "nimeshajisikia nafuu", huwa namsimulia habari ya huyu askari. Yeye angeitamani hiyo siku ya nne.

Ila historia haikuishia kwenye furaha. Miaka ya 1940 haijaisha, hospitali za London tayari zilikuwa na stafilokokasi wasiosikia penisilini. Ikaletwa methisilini. Mwaka 1961 Uingereza ikatangaza bakteria walioishinda na hiyo. Ndio hao wanaoitwa MRSA, wanaotusumbua wodini mpaka leo.

Sasa nikikwambia usinunue vidonge viwili vya amoksilini dukani kwa ajili ya kipele cha ndevu, usifikiri nakunyima. Vipele vidogo vya juu juu mara nyingi hupona kwa usafi na kukandwa tu. Unachokitumia ovyo leo, kesho kitamkosa mtoto mwenye nimonia.

SEHEMU YA 5: Nywele za kipilipili jeshini

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike yote haya.

Mwaka 1903 kampuni ya King Gillette huko Marekani ilianza kuuza wembe wa kubadilishwa: mwaka wa kwanza ziliuzwa nyembe 51 tu. Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani, jeshi lake liliagiza milioni 3.5. Askari alitakiwa awe na uso laini, na sababu mojawapo ni barakoa ya gesi kushika vizuri. Vita vikaisha, wanaume wakarudi nyumbani na tabia ya kunyoa wenyewe kila asubuhi. Uso ulionyolewa ukawa ndiyo sura ya mtu safi, mtu wa ofisini, mtu wa kuaminika.

Kwa mwenye nywele zilizonyooka hiyo ni asubuhi ya kawaida. Kwa mwenye nywele za kipilipili ni habari nyingine.

Mwaka 1956 madaktari wawili wa ngozi wa Philadelphia, John Strauss na Albert Kligman, walieleza kinachotokea. Unywele wetu unaota kwa kujikunja. Ukiukata karibu na ngozi unabaki na ncha kali kama mkuki. Ukianza kukua unajipinda na kuichoma ngozi pembeni ya kinyweleo chake. Ukinyoa huku umevuta ngozi, ncha inarudi chini ya ngozi na kutoboa kwa ndani. Mwili unauona unywele huo kama mwiba, unaushambulia. Kipele kinatoka, usaha unaweza kuja, lakini mara nyingi bakteria siye aliyeanzisha. Wakaita folikulitisi bandia. (Jina la Kligman lina doa lake: kwa zaidi ya miaka 20 aliwafanyia wafungwa wa gereza la Holmesburg majaribio ya ngozi, wengi wao weusi. Ukweli wa nywele tunauchukua, na doa hatulifichi.)

Kwa maneno mengine: huyu mtu haumwi na uchafu. Anaumwa na kunyoa.

Jeshini Marekani hili likawa kesi. Askari weusi wengi hawakuweza kunyoa kila siku bila kuharibika uso, wakawa wanatembea na karatasi ya daktari ya kuwaruhusu ndevu fupi, na kuonekana wavivu au wakaidi. Mwaka 1970 Admirali Zumwalt aliruhusu ndevu kwenye jeshi la majini, lakini kuanzia 1985 zikapigwa marufuku tena. Mwaka 1974 madaktari wa jeshi waliandika makala ambayo hata kichwa chake kiliita vipele hivi tatizo la kitiba, la kiutawala na la kijamii. Yote matatu.

Likafika mahakamani. Mtu mmoja mweusi wa Nebraska alifukuzwa na tawi la kampuni ya kupeleka piza kwa kutonyoa. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikasema sheria ile iliwaumiza watu weusi bila kampuni kuonesha ulazima wake. Mwaka huo huo wazimamoto 12 weusi wa Atlanta nao walikuwa mahakamani, wakashindwa, kwa hoja kwamba barakoa ya kuvutia hewa motoni lazima ishike uso. Mimi nasoma hukumu zote mbili naona pale hoja ilipo: kama ndevu zinahatarisha maisha, tuongee. Kama ni sura tu, mwacheni mtu na ngozi yake.

SEHEMU YA 6: Turudi kwetu

Hapa kwetu wengi mnanyolewa saluni, na mashine inapita chini kabisa mpaka kisogo kinang'aa. Vile vinundu vigumu vya kisogoni vilielezwa mwaka 1869 na Moriz Kaposi wa Vienna, yule yule mwenye jina kwenye Kaposi sakoma mnayoijua kliniki. Vinaanza kama vipele, vikiachwa vinaungana kuwa kovu nene lisilootesha nywele. Mapema tunaweza kuvizuia. Vikishakuwa keloidi, kazi ni kubwa.

Kuna jambo jingine lazima niliseme. Tanzania iliripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983, Kagera, na miaka ile vipele vinavyowasha mwili mzima vilikuwa moja ya dalili zilizowafanya watu wanyooshewe vidole. Ni kweli VVU vinaweza kuleta vipele vya vinyweleo vinavyowasha sana, na ARV husaidia vipungue. Lakini wenye vipele wengi hawana VVU, na huwezi kujua kwa kumwangalia mtu. Kapime, basi. Pima na sukari pia, maana majipu yasiyokoma ni mlango ambao kisukari hupenda kubisha.

Sasa dawa mliyoisubiri:

1. Kanda kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Usikamue. Jipu la karibu na pua au mdomo wa juu usiliguse kabisa, maambukizi ya hapo yanaweza kwenda ndani kichwani.
2. Wembe, taulo na mashine visizunguke. Kwa kinyozi, nenda na mashine yako kama unaweza, au hakikisha inasafishwa mbele yako.
3. Kama vipele vinafuata kunyoa, acha kunyoa kwa wiki nne hivi. Ukirudi, tumia mashine inayobakiza nywele kidogo. Ukilazimika wembe, lainisha kwanza kwa maji ya moto kiasi, fuata nywele zinakolala, usivute ngozi, usirudie rudie pale pale.
4. Kisogo: usinyoe chini kabisa, epuka kola na kofia za kusugua.
5. Usipake krimu ya kuchubua au ile ya mchanganyiko isiyo na maelezo. Nyingi zina steroidi kali. Wiki ya kwanza utafurahi, miezi mitatu baadaye tutalia wote.
6. Homa, uvimbe unaosambaa, jipu kubwa, vipele visivyopungua baada ya wiki moja au mbili: njoo kituoni. Kama ni kazi ngumu utapewa rufaa kwa mtaalamu wa ngozi. Tunao. Pale Moshi, KCMC, kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kimekuwepo tangu 1992, na wahitimu wake wako kwenye mikoa mingi.

Na yule kijana.

Nilikuja kujifunza haya kwenye mafunzo, miaka mitatu baadaye. Mwezeshaji aliweka picha ukutani nikaona shingo ile ile. Sikulala vizuri usiku ule. Nilimtafuta kupitia mama mmoja jirani yake. Alipokuja, kidevu chake kilikuwa na keloidi mbili ambazo zingeweza kuzuilika siku ile ya benchi. Nikamwomba msamaha. Akacheka, akasema, "Sista, mbona mimi nilishasahau." Hakuwa amesahau, maana alikaa upande ule ule wa benchi, ameipa watu kisogo.

Nilimwandikia barua kwa mwajiri wake. Haikukubaliwa, wakamwambia sheria ni sheria. Siku hizi anaendesha bajaji, ana ndevu fupi zilizopangwa vizuri, na vipele havipo. Makovu yapo. Nimemsomea haya kabla ya kuyaweka hapa, akasema niweke, ila jina niache.

Wauguzi wenzangu mnaosoma: kabla ya kumuuliza mtu kama anaoga, muulize ananyoaje. Na ninyi wenye makampuni na shule, kama kuna barua ya muuguzi mezani kwako kuhusu ndevu za mtu, isome mpaka mwisho.

Maswali yaleteni hapa chini. Picha za siri nitumieni inboksi, nitajibu nikitoka zamu.